Kuazimia Kabla ya Kujua

Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu asilolijua. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika barua zilizofika darasani kwetu mna moja ya mama mjane wa Mombasa ambayo hatukuweza kuijibu kwa haraka. Asema kwamba mwanawe wa miaka 19 yuko Nairobi kwa mjomba wake, Kisumu Ndogo ya Kibera, ambako alipelekwa ajifunze ufundi wa kutia umeme majumbani. Sasa kijana amempigia simu kumwarifu kuwa ameazimia kuacha ufundi na kushika uimbaji, na amwomba pesa zake za mchezo, shilingi 60,000, alipie studio. Mama atuuliza kwa maneno machache: "Shekhe, nimpe au nimnyime? Nikimpa namwogopa Mungu. Nikimnyima naogopa kumpoteza mwanangu."

Jawabu yetu ya kwanza, na haya twayakiri, ilikuwa ya mistari miwili: jambo hili halifai, asipewe hata senti. Tulikuwa tumekwisha kuiandika. Mmoja katika wenzetu wa darasa akauliza: "Je, twajua kijana huyu ataka kwenda kufanya nini hasa?" Tukanyamaza, kwani hapana aliyejua. Na sote tumesoma kwa mashekhe zetu ile kanuni ya wanavyuoni kwamba kulihukumu jambo ni tawi la kulifahamu, na tawi halioti pasipo na shina.

Hapo tukamkumbuka kijana mwingine wa mtaani kwetu, ambaye zamani alitujia na swali kama hili na tukampa jawabu ya mistari miwili kama hiyo. Akenda zake. Baada ya miaka mitatu alirudi na deni, na karatasi aliyoitia sahihi pasi na kuisoma, iliyompa mtu mwingine nyimbo zake zote. Hakutulaumu kwa kumkataza. Alisema: "Mlinambia nisende, nami sikusikia, na kosa hilo ni langu. Lakini hapakuwa na mmoja wenu aliyejua kunambia huko niendako kuna nini." Maneno haya yalituuma, na yangali yatuuma. Wazee wetu hupenda kusema kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli. Lakini yampasa na mkuu awe na la kusikiwa.

Basi tukaichana ile jawabu, tukaazimia kupeleleza kwanza. Na katika makala haya twataka kulieleza swali lenyewe, kwani si la mama huyu peke yake. Je, yafaa mtu aazimie jambo la umri wake, na kwa mali ya mwingine, kabla hajalijua? Na je, yafaa mtu alikataze jambo naye halijui? Sisi twasema yote mawili hayafai, na ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza, kwa kuwa mwenye kukataza adai elimu.

Asije msomaji akadhani kuwa twakwepa hukumu ya ala za muziki. Tuliyosomeshwa ni kwamba jamhuri ya wanavyuoni wa madhehebu manne wamezikataza, isipokuwa dufu harusini na mfano wake. Twajua pia kwamba Ibn Hazm alikhitalifu nao, na kwamba Imamu Ghazali katika Ihya alilipambanua jambo hili kwa urefu, akaweka masharti. Sisi twasimama na tuliyosomeshwa, na kijana tulimwambia hivyo waziwazi. Lakini hukumu hiyo ni mlango mmoja, na nyumba ina milango mingi. Kijana aliyekwisha sema "nimesikia, na bado nataka kwenda" hatoki katika haki ya kunasihiwa. Dini, kama alivyotufundisha Mtume (s.a.w.), ni nasaha.

Wapo watakaosema: "Kupeleleza huku kwingi ni kukosa tawakali, riziki yatoka kwa Mungu, na mchagua jembe si mkulima." Twawajibu kwamba Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mtu juu ya ngamia wake, alimwamuru amfunge kisha ategemee. Na siku ya Badri, alipopiga kambi, Hubab bin al-Mundhir alimuuliza kama pahala pale ameteremshiwa na Mola wake au ni rai na mbinu ya vita. Alipoambiwa ni rai, akashauri jeshi lisogee mpaka kisima kilicho karibu na adui, na Mtume akasogea. Huyu ni Mtume, tena ameahidiwa nusura, na hata hivyo hakuona haya kuuliza maji yako wapi. Na Sayyidna Umar alipokuwa khalifa alikataza mtu kuuza sokoni mwao ila aliyefahamu hukumu za biashara. Kwa maneno mengine, hakutaka mtu aingie katika kazi kisha ndipo ajifunze kwa hasara ya watu.

Wengine watasema: "Kijana na aswali istikhara, yatosha." Istikhara ni sunna tukufu, wala hatuipunguzii kitu. Lakini wanavyuoni wetu wameiunganisha na kutaka shauri kwa wajuzi. Anayeswali istikhara juu ya jambo asilolijua jina wala umbo, kisha akaamka moyo wake umefurahi, huenda ikawa aliyemjibu ni hawaa yake.

Katika mwezi wa Shaabani tulipanda gari la moshi, watu wawili katika darasa letu, tukenda Nairobi. Kibera si ugenini kwa Waislamu. Wanubi, askari wa King's African Rifles na jamaa zao, walikaa pale tangu mwanzo wa karne ya 20, na huko Makina adhana yasikika kama ilivyosikika kwa wazee wao. Kisumu Ndogo ni kijiji kimoja katika vijiji vya Kibera. Nyumba ni za udongo na mabati, zimeegemeana, na chumba kimoja hulala jamaa nzima. Kijana tulimkuta kwa mjomba wake. Ni mtoto wa adabu. Alitupa mkono kwa heshima, akatutandikia jamvi. Tulimuuliza kwa nini ataka kuimba. Akasema: "Shekhe, nina sauti, watu hunambia. Na Octopizzo ametoka papa hapa Kibera, na leo ajulikana dunia nzima."

Hii ndiyo hoja ya vijana wote, na haifai kuchekwa. Ni kweli mtu huyo amekulia Kibera na akapata jina. Lakini tulimuuliza: "Na wangapi waliotoka Kibera katika kazi hiyo wasijulikane?" Akafikiri, akasema hajui. Tukamwambia: hapo ndipo penye maarifa. Aliyezama baharini haji pwani kusimulia. Anayesimulia ni aliyeokoka, na wasikilizaji huondoka wakidhani bahari ni shwari. Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat ametuamrisha tuthibitishe habari inapotufikia, tusije tukafanya jambo kwa ujinga kisha tukajuta. Basi habari ya aliyefaulu nayo ni habari. Ikithibitishwa, hukutwa nyuma yake miaka mingi ya taabu ambayo haimo katika wimbo.

Kwa siku tatu tukazunguka naye. Tuliingia katika studio mbili, vyumba vya mabati vilivyobandikwa magodoro ukutani. Tukazungumza na waimbaji waliofika na waliokata tamaa. Kisha tukakaa na watu wanaojua sheria. Tuliyoyathibitisha twayaandika hapa ili wazazi na vijana wapate kuyajua.

La kwanza, wimbo si kitu kimoja bali ni haki tatu: haki ya aliyetunga, haki ya aliyeimba au kupiga ala, na haki ya aliyegharimia na kutengeneza rekodi. Katika Kenya kila haki imekuwa na chama chake cha kukusanya malipo. Watunzi walikuwa na MCSK, kilichoanzishwa mwaka 1983, waimbaji PRISK, na wenye rekodi KAMP. Vyama hivi huhitaji leseni ya Bodi ya Hakimiliki, na leseni ni ya mwaka. Mwaka 2017 Bodi iliinyima MCSK leseni na kuipa MPAKE, na shauri likafika mahakamani. Basi kijana asiyeuliza mwaka huu leseni i mikononi mwa nani, aweza kujiandikisha kwa asiye na ruhusa ya kumkusanyia. Huyu kijana wetu hakuwa amesikia hata jina moja katika majina haya.

La pili, ni malipo. Kuna ile nyimbo inayosikika mtu anapokupigia simu, ambayo vijana wengi waitegemea. Sheria ya mwaka 2022 imegawa mapato yake hivi: kampuni ya simu asilimia 39.5, wakala wa kati asilimia 8.5, na mwenye haki si chini ya asilimia 52. Ni uadilifu mkubwa kuliko zamani. Lakini mwenye haki ni nani? Ni yule ambaye karatasi yamtaja. Aliyekwisha kuuza haki yake, hata sheria ikimpandishia asilimia 52 mpaka 90, yeye hana kitu. Na katika mitandao, Spotify tangu mwaka 2024 haiulipi wimbo usiosikilizwa walau mara 1,000 katika miezi 12. Na YouTube, ili igawe pesa za matangazo, kwa desturi yataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika mwaka. Twamwomba kila kijana aliye na wimbo aangalie hesabu yake mwenyewe, si hesabu ya yule anayemhusudu.

La tatu, na ndilo zito, ni mkataba. Tulionyeshwa mkataba mmoja uliomfunga mwimbaji atoe nyimbo zake zote, zilizopo na atakazozitunga, kwa muda wa miaka. Sisi tuliosoma fiqhi tukatazamana. Katika vitabu vyetu si halali kuuza samaki aliye majini wala ndege aliye hewani, kwa kuwa kinachouzwa hakijulikani wala hakishikiki. Na hapa kijana auza wimbo ambao haujazaliwa moyoni mwake! Kisha yapasa ajue kwamba kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2001 haki ya mtunzi hubaki umri wake wote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Maana yake, asemapo "nimeuza wimbo wangu", ameuza na fungu la watoto wake ambao hajawazaa.

Aya iliyo ndefu kupita zote katika Qurani, nayo imo katika Suratul Baqara, yahusu kuandikiana deni na kushuhudishana. Watu huisoma kila Ramadhani na hawaitumii. Wimbo wa Malaika waujua kila mtu wa pwani hii. Fadhili William aliurekodi Nairobi katika miaka ya mwanzo ya 1960. Ukaimbwa na Miriam Makeba, na Harry Belafonte, na kundi la Boney M., ukazunguka ulimwengu. Na hata hivyo watu wabishana mpaka leo nani aliyeutunga. Wako wanaomtaja Adam Salim. Fadhili alifariki mwaka 2001, na ubishi haukuzikwa naye. Sisi hatuhukumu baina yao. Twasema tu kwamba lau mwanzo wa jambo ungeliandikwa na kushuhudiwa, ubishi ungelikosa pa kusimama.

Kijana alipokwisha kuyasikia haya alituuliza swali zuri, na twamsifu kwalo. Alisema: "Shekhe, na Siti binti Saad? Lau angelipeleleza hivi, angelitoka Fumba?" Maana yake ni kuwa anayehesabu kila hatari hatoki mlangoni. Tulitulia kabla ya kumjibu, kwani kuna haki katika maneno yake. Tukamwambia: Siti hakutoka Fumba akapanda meli ya Bombay. Alikwenda mjini, akafundishwa na mabingwa, akaimba miaka mingi mbele ya watu wanaojua wimbo na wasiojua kusamehe kosa. Na safari ya Bombay ya kurekodi ilikuwa mwaka 1928. Kupeleleza kwake kulikuwa ni kule kujaribiwa. Nasi hatumtaki mtu apate yakini kabla ya kutenda, kwani yakini ya kesho ni ya Mungu peke yake. Twamtaka ajue aweka rehani kitu gani, na ni cha nani. Mtu akihatarisha umri wake, hilo ni lake na atahesabiwa kwalo. Lakini pesa za mchezo za mjane ni jasho la mwingine, na mwenye kulihatarisha jasho la mwingine pasi na kumweleza ukweli amekhini amana, hata akifaulu.

Tena tukamuuliza yeye swali ambalo tuliona hapana aliyewahi kumuuliza: "Wapeleleza kushindwa. Je, umepeleleza kufaulu?" Hakufahamu. Tukamweleza: chukulia umepata yote unayoyataka. Kazi yako itakuwa usiku. Alfajiri itakukuta wapi? Utalipwa na wenye mabaa na wenye vinywaji, utakataa nani? Watu watakutaka uimbe maneno ambayo usingependa mamako ayasikie. Utasema la, nawe una deni la studio? Juma Bhalo, ambaye sauti yake imejaa masikio ya watu wa Mombasa, alifika pale ambapo wengi hawafiki, na mwaka 2007 akaacha kuimba. Akafariki mwaka 2014. Mtu hayaachi aliyoyajenga umri mzima ila amejiuliza jambo. Bora kujiuliza swali hilo mlangoni kuliko kujiuliza uzeeni. Maana hasara ya kushindwa ni mali, na mali hurudi; lakini anayefaulu katika jambo asilolijua aweza kuamka siku moja akajikuta amekuwa mtu ambaye hakuazimia kuwa.

Kijana alinyamaza kwa kitambo. Kisha akasema: "Haya hapana aliyenambia." Tukamwambia kosa hilo si lako peke yako.

Msomaji atataka kujua mwisho wake. Hatuwezi kusema kwamba ameacha. Tukisema hivyo tutakuwa tumeongopa. Amemwambia mamake asitoe pesa. Amerudi kwa fundi wake wa umeme, na ameomba apewe mwaka mmoja wa kujifunza ufundi huku akiuliza na kupima, akatuahidi kuwa hatatia sahihi karatasi yoyote pasi na kusomewa na mtu mwaminifu. Katika hukumu ya ala tulimwambia tunaloliamini, akasema atalifikiria. Na kijana anayesema atafikiria yu karibu na kheri kuliko anayesema ndiyo kwa hofu. Tulimwombea, naye akatusindikiza mpaka kwenye barabara ya matatu.

Kwa mama tuliandika hivi: usimpe pesa, wala usimnyime radhi. Mpe maswali, na umpe muda. Jambo la haki halikimbii mwenye kuuliza. Linalokutaka uamue leo kabla ya magharibi, huwa halitaki utazamwe uso wake.

Na kwetu sisi tunaosomesha twasema: chuo chatufundisha kumwambia mtoto lipi halali na lipi haramu, na hilo ni msingi usiotikisika. Lakini dunia wanayoingia watoto wetu ina mikataba, na vyama, na sheria, na hesabu ambazo sisi hatuzijui, nasi twaona haya kuuliza. Imamu wetu Shafi alisafiri nchi kwa nchi kutafuta elimu. Sisi twashindwa kusafiri mpaka Kibera. Tukiendelea kujibu tusiyoyajua, vijana watajifunza kutotuuliza, na siku wanapoacha kutuuliza hata lile tunalolijua kwa yakini halitawafaa kitu. Katika Suratul Israa tumekatazwa kufuata tusilo na elimu nalo, na tumeambiwa kuwa masikio, na macho, na moyo, vyote vitaulizwa. Tulikuwa tukiisoma aya hiyo tukimkusudia kijana anayefuata nyimbo. Siku hizi twaisoma tukijikusudia na sisi.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, na kwake tunaomba taufiki.